Sauti ya Baba Saa Kumi

Mrihini, Ganze
12 Januari 2025

Nguma mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila vumbi la huku linanimaliza. Barua hii anakuletea Mwarandu, yule wa lori la mbuzi, pamoja na boksi lenye simu. Simu ni ya Mama. Nimeinunua dukani Kilifi, mpya, na karatasi ya waranti imo ndani. Usiitupe.

Najua utauliza kwa nini sikukupigia tu. Kwanza, mtandao wa huku unapatikana juu ya kilima cha tangi la maji, na mpaka nifike huko pumzi imekwisha na chaji imekwisha. Pili, mimi na wewe tukipigiana tunagombana, na mmoja hukata. Kwenye barua huwezi kunikatia. Itakubidi unisikilize mpaka mwisho.

Nilipokuja Magogoni Krismasi, Phoebe alinivuta kando akanieleza habari za Mama. Huyo ni yule mpangaji wa chumba cha mbele, msichana wa bara anayekaanga viazi karai pale kona. Anasema saa kumi ya alasiri ikifika, Mama anajifunga leso ya kutokea na kushika njia ya barabara kuu kwenda kumpokea Baba. Meli imekwisha kupakuliwa, asema, na Kadenge anarudi na njaa. Baba yetu huyuhuyu tuliyemzika Kaloleni. Phoebe humrudisha akimwona, lakini saa hizo yuko kibandani na wateja wamempangia foleni. Wewe uko Chaani, mpaka uvuke kisiwa kizima. Mimi niko huku. Ukipiga hesabu, Mama yuko peke yake.

Basi mtilie simu kwenye hiki kifuko nilichokishona kwa turubai, maji hayapiti, aivae shingoni. Weka ile programu ya kuonyesha mtu alipo. Hapo hapo ukome. Nakujua, Nguma. Redio ya Baba uliifungua ukiwa darasa la tano, ukaifanya ishike stesheni za Tanga na Unguja, tukakusifu wote. Na siku ya mechi aliyoingojea Baba mwezi mzima haikutoa hata mkwaruzo. Simu hii iache ilivyotoka kiwandani. Usiongeze kitu, usipunguze kitu.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja Pasaka.

Dada yako,
Caroline


Chaani, Changamwe
26 Januari 2025

Da Caro, shikamoo.

Boksi limefika likinuka beberu. Barua nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru, na naona ile redio utanizika nayo.

Simu nilimpelekea Mama Jumapili baada ya ibada. Aliivaa bila ubishi, akasema kifuko kimeshonwa na mtu mwenye haraka. Programu niliiweka. Lakini nilipokaa nikafikiri, nikaona programu ile kazi yake ni kunipa habari kwamba Mama keshapotea. Itaniambia yuko barabara kuu, na mimi niko Chaani nimefungua simu ya mtu iko mezani vipande vipande. Haja yetu ni asitoke.

Unajua watu wanavyosema nina sauti ya Baba. Hata Mama nikibisha hodi huuliza kama ni Kadenge. Basi nilirekodi. Dakika chache kabla ya saa kumi, simu inasema: "Mama Caro, leo tumepewa shifti ya pili. Usinisubiri. Kula, ufunge mlango." Siku ya kwanza nilikaa naye nione. Alikuwa ameshashika leso. Akasimama, akasikiliza, akasema, "Haya, mume wangu," akairudisha leso kwenye kamba na kukaa. Nilitoka nje nikajifanya namuuliza Phoebe habari za bei ya viazi, maana macho yalikuwa yamenijaa.

Tatizo ni simu yenyewe. Kiwanda kimeijaza michezo, matangazo na programu ya mikopo, na hakuna hata kimoja kinachokubali kutolewa, kwa sababu mfumo umefungwa. Tena ina tabia ya kuziua programu zangu kimyakimya ati inahifadhi chaji. Ikiamua leo Baba asiseme, hasemi. Nipe ruhusa niiflashi, yaani niufungue mfumo wa kiwanda, niutoe, niweke mwingine mwepesi ninaoujua. Nitabakisha vitu vitatu tu: sauti, mahali Mama alipo, na picha yangu kubwa ya kubonyeza akitaka kunipigia. Waranti itakufa, hilo sikufichi. Lakini simu itakuwa ya Mama. Sasa hivi ni ya kiwanda, Mama ameazimwa tu.

Nduguyo,
Nguma


Mrihini
9 Februari 2025

Nguma,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nililia. Sijui kama ulilolifanya ni dhambi au ni wema. Baba alifanya shifti maisha yake yote, mgongo ukapinda, tukasema sasa amepumzika. Leo umemrudisha kazini. Lakini kama inamweka Mama nyumbani, na iendelee; Mungu atatuelewa kama atapenda.

Kuifungua simu nasema hapana, na nisikilize kwa nini. Hapa shuleni tuna pampu ya maji. Ilipokuja ilikuwa inatoa maji kidogo, kila siku, bila kukosa. Akaja fundi kutoka Mariakani, hodari kama wewe, akaitoa vifaa vya kiwanda akaweka vyake, maji yakawa mengi hata watoto wakamwimbia. Miezi sita baadaye ikanyamaza. Mafundi wote waliokuja walitazama ndani wakatikisa kichwa, kwa sababu aliyeijua ni yule mmoja tu, na yeye yuko Qatar. Sasa watoto wanabeba madumu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Simu ile imeundwa na watu wengi na imejaribiwa na watu wengi kabla ya kufika Kilifi. Hiyo ya kwako itajaribiwa na nani? Na Mama peke yake. Ikiwa na kosa, Mama ndiye atakayetuonyesha.

Matangazo hayaui mtu. Iache.

Dada yako,
Caroline


Chaani
27 Februari 2025

Da Caro, shikamoo.

Sitaandika mengi. Mama yuko hai, anza na hilo.

Jumanne ile simu yako ya kiwanda iliamua kujiboresha yenyewe. Ikajizima, ikajiwasha, ikaziua programu zangu zote na kuweka tangazo la mkopo juu ya picha yangu. Saa kumi ikafika, haikusema kitu. Phoebe alimpitia kuchukua mafuta ya kukaangia, akamkuta amekaa kitandani ameishika simu kwa mikono miwili. Mama akamwambia, "Kadenge hajasema kitu leo. Ameumia huko kazini." Phoebe akamtuliza, akarudi kwenye karai lake, na Mama akatoka.

Kijana mmoja wa boda, Kiponda, ndiye aliyemwona kule Mtopanga, jua linatua. Mguu mmoja hauna kiatu, umekatwa na chupa. Ameshonwa. Lakini si mguu unaonitisha. Kiponda anasema hakuwa akitembea kama mtu aliyepotea. Alikuwa anakimbia. Zamani alikuwa akienda kumpokea Baba kwa raha zake, akisimama kusalimia watu. Sasa tumemzoeza kuambiwa, na asipoambiwa anajua kuna msiba.

Hili nimelifanya mimi, najua. Lakini siwezi kulirudisha nyuma. Nilijaribu Jumatano kuiacha simu kimya nikiwa nimekaa naye palepale, alilia mpaka nikatoka nje na kusema yale maneno dirishani kwa mdomo wangu.

Hiyo simu haifai. Nijibu upesi.

Nguma


Mrihini
8 Machi 2025

Ifungue.

Nimeandika neno hilo nikiwa nimesimama kando ya lori na Mwarandu anapiga honi. Ifungue, iandae unavyojua. Usinifiche kitu chake chochote, kizuri au kibaya.

Caroline


Chaani
22 Machi 2025

Da Caro, shikamoo, na pole kwa kazi.

Nimemaliza. Nilikaa nayo siku kadhaa hapa kibandani kabla ya kumrudishia Mama, na siku hizo nilikuwa nikivuka kila alasiri kwenda Magogoni kuwa Baba mwenyewe dirishani. Wateja wamenikasirikia. Haidhuru.

Natamani ungeiona. Ukiiwasha ni picha yangu tu, kubwa, nimecheka kama mtu wa kampeni. Haina michezo wala mikopo. Chaji inakaa siku nne. Sauti haijakosa hata mara moja, na sasa Mama akishasikia hujibu maneno mengine zaidi, humweleza Baba alichopika. Juzi Phoebe alimsikia akimsuta kwa nini bandari haimpi mapumziko. Mguu unapona. Usingizi amepata. Na mimi nimepata, kusema kweli.

Umesema nisikufiche. Kuna kasoro moja. Kwa kuwa nimeufungua mfumo, simu ikizimwa kabisa kisha ikawashwa, kwanza inaleta ukurasa mweusi wenye maneno ya Kizungu, kwamba simu hii imechezewa na haiaminiki, bonyeza kitufe cha ubavuni kuendelea. Usipobonyeza, baada ya sekunde tano inazima tena. Nimehangaika kuuondoa ukurasa huo, nimeshindwa. Umejificha ndani kabisa, mahali ambapo watu wa kiwanda tu ndio wenye mkono. Lakini si neno. Mama hana sababu ya kuizima, na mambo ya chaji nayatazama mimi na Phoebe.

Uliuliza nani ataijaribu. Nimeijaribu mimi, kila namna niliyoweza kuifikiria.

Nduguyo,
Nguma


Mrihini
13 Aprili 2025

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Phoebe, tafadhali msomee Mama polepole, na akikukatiza mwache aseme.

Mama, nilisema ningekuja Pasaka na naona sitaweza. Mvua imeanza kwa kishindo, barabara imekatika kule bondeni, hata Mwarandu anapita kwa kubahatisha. Nimekutumia uji wa mtama na asali. Asali usimpe Nguma, atakwambia anaionja.

Huku tumepata msiba. Mpishi wetu wa shule alipigwa na radi Alhamisi, amesimama mlango wa jikoni na simu sikioni, akisikiliza muziki. Nilikuwa darasani, nikasikia mlio nikadhani ni paa limeanguka. Tulipofika alikuwa amelala kama mtu aliyechoka, simu bado iko mkononi. Mwalimu wa sayansi anasema simu haiiti radi. Asome vitabu vyake. Mimi nimemwona marehemu kwa macho yangu, na nimemkumbuka mama yangu aliyevaa simu kifuani mchana kutwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Unakumbuka ulivyokuwa ukitufanyia tukiwa wadogo, ngurumo ikianza unafunika kioo kwa leso, unazima redio, unatukusanya kitandani? Fanya vivyo hivyo kwa simu. Radi ikianza tu, izime. Mvua ikikatika, iwashe. Phoebe dadangu, mwonyeshe Mama kitufe cha kuzimia, arudie mpaka mkono wake uzoee. Mambo ya zamani hajayasahau, na hili ni la zamani.

Nakupenda, Mama. Nitakuja shule zikifungwa.

Mwanao,
Caroline


Mrihini
25 Mei 2025

Nguma,

Kule Kaloleni hangani tulikaa mkeka mmoja siku zote zile za matanga na sikukusemesha. Watu walidhani ni majonzi. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitakuaibisha mbele ya wajomba, na Mama hakustahili hilo.

Sasa naandika. Mama alitoka nyumbani siku ya mvua ile kubwa ya mwezi huu, akapotea, akapatikana siku ya pili kule Junda, ndani ya mikoko, mahali maji ya mvua yalipomsukuma. Nilimwosha mimi na mama mdogo. Mguu ule uliokuwa na mshono ulikuwa umefunguka. Kifuko kilikuwa shingoni bado, na turubai langu lilishika, ndani hamkuingia tone. Simu ilikuwa kavu. Kavu, na imezimwa. Haikusema saa kumi. Haikukuonyesha alipo. Ulimtafuta Mama Mtopanga na Bombolulu kwa kubahatisha kama mtu kipofu, na yeye amevaa kifuani kitu ulichoniambia umekijaribu kila namna.

Nilikwambia. Nilikwambia kwa kalamu, ikiwa na kosa Mama ndiye atakayetuonyesha. Kisha niliogopa nikaandika Ifungue, na neno hilo ni langu, silikatai. Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la nne, nilikuamini wewe fundi. Ulichokuwa nacho ni mikono isiyotulia, Nguma, tangu utoto, na safari hii haikuwa redio.

Simu ninayo mimi. Niliichukua kabla hujaiomba, sikutaka uiguse tena.

Nataka jibu la swali moja, na unijibu kwa maandishi: kwa nini ilizima?

Caroline


Port Reitz
30 Mei 2025

Kwa Kaka Nguma,

Habari ya siku. Nimehama Magogoni, niko kwa binamu yangu huku Port Reitz. Ile nyumba sikuwa naweza kulala tena, saa kumi ikifika najikuta nimesimama kwa mlango.

Kuna kitu sikukuambia kwa matanga. Nilijaribu, lakini Dada Caroline alikuwa hapo karibu kila saa. Sasa nakuandikia kwa sababu nasikia watu wanasema simu yako ndio ilimuua Mama, na wewe unanyamaza, na mimi nikinyamaza pia nitakuwa mtu mbaya.

Mwezi wa nne Dada aliandikia Mama barua, mimi ndiye nilimsomea. Alisema radi ikianza Mama azime simu, na mimi nimfundishe. Nilimfundisha. Alishika haraka, hata alikuwa anafurahia, akisikia ngurumo kidogo tu anafunika kioo na anazima, halafu ananionyesha. Mvua zingine zote alikuwa akizima usiku wakati ako kwangu, na ikikatika nawasha mimi. Hiyo skrini nyeusi niliona, nikadhani ni ya kawaida, nilikuwa nabonyeza tu kila kitu mpaka inawaka. Hakuna mtu aliniambia maana yake. Hukuniambia, Kaka. Sikulaumu, lakini hukuniambia.

Hiyo siku radi ilianza mchana. Mama akazima. Mvua ilipopunguka nikakimbia nyumbani kuchukua karatasi ya kufunika makaa, nikampata anajaribu kuwasha. Akaniambia, "Inaniletea maandishi halafu inalala." Nikafikiria ni chaji. Nikaichomeka, nikamwambia angoje, nikarudi kibandani kwa sababu makaa yalikuwa yanalowa. Makaa, Kaka Nguma. Niliporudi waya ilikuwa inaning'inia kwa ukuta na Mama hayuko, na mvua imeanza tena.

Ile barua ya Dada nilitia kwa moto wa viazi. Sikutaka mtu aikute. Sijui kama nilifanya vizuri. Kumwambia au kutomwambia, hiyo ni yako wewe, mimi siwezi.

Nisamehe.

Phoebe


Chaani
8 Juni 2025

Da Caro, shikamoo.

Umeuliza kwa nini ilizima. Ilizima yenyewe. Mfumo nilioweka ulikuwa na kosa ambalo sikuliona, na unyevu wa siku ile ukaongeza, ukakwama, simu ikafa. Hakuna aliyeigusa. Phoebe hakukosea kitu na Mama hakukosea kitu.

Ulisema iachwe ilivyotoka kiwandani, sikuridhika mpaka nikaitia mkono. Kuna mambo nilipaswa kumweleza mtu aliyekuwa karibu na Mama, sikumweleza, kwa sababu nilijiona nimekwisha kufikiria kila kitu. Kwa hiyo ukinilaumu unalaumu pale pale panapostahili, usitafute pengine.

Vifaa vya kuflashi nimeviuza. Siku hizi nauza kava na waya za chaja, na mtu akiniletea simu ya kufungua namwelekeza kwa jirani. Ile sauti niliyorekodi nimeifuta kwenye kompyuta. Ilinichukua muda.

Sitakusumbua kwa barua mpaka utakaponiandikia wewe. Mwarandu akipita nitamuuliza tu kama u mzima.

Nduguyo,
Nguma


Mrihini
19 Oktoba 2025

Nguma mdogo wangu,

Nimekaa miezi yote hii bila kukuandikia, na kila Mwarandu aliponiambia umeniulizia nilijifanya sikusikia.

Jana vuli ilianza huku. Nilikuwa nasahihisha vitabu, ngurumo ikapiga upande wa Bamba, na mkono wangu ukaenda wenyewe, nikaizima simu yangu. Nikaiweka mezani nikarudi kwenye vitabu. Nilisahihisha kitabu kimoja. Kisha nikaweka kalamu.

Simu ya Mama ilikuwa kwenye sanduku, chini ya leso zake. Sikuwa nimeigusa tangu Kaloleni, niliiweka kama ushahidi wa kesi. Niliitoa nikabonyeza kuiwasha. Ikaleta ukurasa mweusi, na maneno yake ni yale yale uliyoniandikia mwezi wa tatu, wala hukukosea hata moja. Nikakaa nikautazama mikono mapajani, kama ambavyo angekaa yeye. Ikazima. Nikawasha mara ya pili, nikabonyeza kitufe cha ubavuni, ikawaka. Picha yako ikatokea unacheka. Chaji ilikuwa bado nyingi. Nilikaa nayo jana jioni na usiku kucha, haikukwama, haikuzima. Hakuna kosa lolote ndani yake, Nguma.

Kwa hiyo aliizima Mama. Aliizima kwa sababu mimi nilimwambia aizime. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma kwako wiki chache tu kabla, na sikuukumbuka, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwa mpishi aliyelala mlangoni. Nilimwogopea radi. Hukuijua barua yangu kwa Mama, lakini Phoebe alijua, na nadhani alikwambia, ndipo ukaniandikia ule uongo wako wa unyevu. Mimi nikaupokea, nikashukuru moyoni kwamba mkosaji ni wewe.

Usinijibu kwa barua, maana utaniandikia tena maneno ya kunifunika, na mimi nitataka kuyaamini. Njoo. Mwarandu anapanda Jumamosi, atakutia mbele pamoja naye.

Umesema sauti umeifuta kwenye kompyuta. Humu bado imo. Leo nilikuwa naosha vyombo, saa kumi inakaribia, nikamsikia Baba nyuma yangu akisema wamepewa shifti ya pili, nisimsubiri, nile, nifunge mlango. Ilisema kwa wakati wake, kama ulivyoipanga. Simu iko hapa mezani ninapoandika, na sina moyo wa kuizima.

Dada yako,
Caroline